Mama Alivyonyamaza Pangani

Mama yangu alifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Bariadi tangu mji huu haujawa makao makuu ya mkoa, mpaka alipostaafu. Alizaliwa Pangani akakulia Pangani, na huku alikuja akiwa mke kijana wa bwana mifugo aliyepangiwa kazi Mwanhuzi, kwenye nchi kavu ya Meatu. Mimi nilizaliwa huko. Nilipofikia umri wa kuanza shule tukahamia Bariadi, tukapata nyumba mwisho wa mtaa, pale ambapo majirani wa upande mmoja walikuwa watumishi wa serikali, na upande wa pili yalianza mashamba ya pamba.

Nje tulisema Kisukuma, kwa sababu watoto wote walisema Kisukuma. Ndani tulisema Kiswahili, na si Kiswahili chochote, bali cha mama. Aliweza kuwa anakaanga samaki, amekupa mgongo, na bado akakukamata kwa neno moja.

"Mwalimu wetu leo hakuja," nilimwambia siku moja. "Anaumwaga."

"Anafanya nini?"

"Anaumwaga mgongo."

"Anaumwa. Huumwa. Hiyo 'ga' mrudishie aliyekupa."

Aliyenipa ni Bariadi nzima. Watu wa huku, wakitaka kusema jambo hutokea mara kwa mara, hulibandikia 'ga' mwishoni kama wafanyavyo kwenye Kisukuma: anakujaga, tunalimaga, alikuwaga. Mama aliifuta kwenye madaftari ya wanafunzi wake mwaka baada ya mwaka, na mwaka uliofuata iliota upya, kama magugu baada ya mvua ya kwanza.

Baba hakuwa na ugomvi nayo. Alishinda kwenye majosho na wafugaji, akirudi jioni ananuka dawa ya kupe, na Kisukuma kilimkaa mdomoni mapema. "Mtu akiniambia ng'ombe wake anakohoa, naanza kumuuliza maswali," alimwambia mama mezani. "Akiniambia anakohoaga, nimeshajua ugonjwa si wa leo. Hiyo ga ina kazi."

"Na 'hu' tumpelekee nani?" mama alijibu. "Ng'ombe hukohoa. Imetosha."

"Ng'ombe hii imekohoaga tangu masika."

"Ng'ombe huyu!" mama alipaza sauti, na baba alicheka mpaka akasukuma sahani. Alikuwa akikosea makusudi. Nawakumbuka hivyo wote wawili, yeye akicheka na mama akijizuia kucheka.

Baba alifariki mwaka niliomaliza kidato cha nne. Ilikuwa homa iliyoanza kama homa nyingine yoyote. Tulimzika Bariadi, kwenye makaburi ya Waislamu, na wajomba zangu walisafiri kutoka Pangani kuja kumchukua mama. Walikaa naye sebuleni, wakamweleza kwamba mjane hana la kufanya katika nchi ya watu, kwamba chumba chake kipo, kwamba mama yao amezeeka anamtaka karibu. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nina wanafunzi wa darasa la saba." Hawakuamini kwamba hilo ndilo jibu lote, lakini ndilo alilowapa. Walipoondoka aliniambia asingeweza kumwacha mume wake peke yake huku.

Siku hizo za msiba ndipo jirani yetu wa upande wa mashamba alipoingia maishani mwetu. Alikuwa mjane pia, mkulima wa pamba na mahindi, Mkatoliki, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Kabla ya hapo tulikuwa tukisalimiana tu juu ya ua. Asubuhi baada ya maziko alipita mlango wa nyuma bila kubisha hodi, akafagia uwanja, akawasha moto, akachemsha uji, kisha akaketi kwenye mkeka karibu na mama. Kiswahili chake wakati huo kilikuwa kidogo, na Kisukuma cha mama kilikuwa salamu tu. Walikaa hivyo. Kesho yake akaja tena.

Hakuacha kuja. Alileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, na mama alimfundisha kuipika kwa nazi tulipokuwa na nazi. Alijifunza Kiswahili jikoni kwetu, akitaja kitu na kungoja mama ampe jina lake. Sijui mama alidhani yeye mwenyewe alikuwa akipokea nini. Maneno yalipita pande zote mbili kama chumvi na viberiti vinavyopita kwenye ua, na baada ya miaka mingi walikuwa na Kiswahili chao wawili, ambacho kisarufi hakikuwa cha Pangani na kwa hakika hakikuwa Kisukuma. Kwa mtu yule mama hakusahihisha neno hata moja. Niliwahi kumuuliza kwa nini. "Yule si mwanafunzi wangu," alisema.

Nilikwenda kusomea uuguzi, nikarudi kufanya kazi hospitalini hapa hapa Bariadi. Wiki ile ile niliyorudi nilimsikia mama akiongea kwa simu na dada yake wa Pangani. Nilikuwa nafua uani. Mama alisema, "Hapana, jirani yupo, anakujaga kila siku." Nilisimama na nguo mkononi. Dada yake lazima alisema kitu, kwa sababu mama alicheka akaendelea. Hakuwa amejisikia. Toka hapo nikaanza kuisikia kila mahali kwenye mazungumzo yake, na si hiyo tu. Alisema nzengo badala ya majirani. Sauti yake yenyewe ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito kuelekea mwisho wa sentensi, kama ya watu wa huku. Darasani alikuwa bado yule yule wa wino mwekundu. Lugha ya darasani aliivaa asubuhi pamoja na viatu.

Sikumwambia. Nilimwona ana furaha.

Miaka michache iliyopita bibi mzaa mama alifariki, akiwa mzee sana. Habari ilitufikia asubuhi, na maiti haikungoja. Tulisafiri tukijua tutafika kaburi limeshafukiwa. Mama alikuwa hajakanyaga Pangani kwa muda mrefu, tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Njiani alikuwa akinieleza nyumba ilivyo, mlango upi una kizingiti kirefu, nani analala chumba kipi, kana kwamba wote walikuwa bado hai.

Nyumba ilijaa wanawake. Dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita mama mkubwa, alimpokea mlangoni wakalia wakiwa wameshikana. Kisha mama akaketishwa katikati ya mkeka, na watu wakaanza kumuuliza habari za safari, habari za huko, habari za mama yao alivyokuwa akimpigia simu. Mama alijibu. Alikuwa amechoka na amefiwa, na alisema vile alivyozoea kusema nyumbani.

"Kila Ijumaa alikuwaga ananipigia," alisema. "Hata kama hana la kusema. Ananisalimiaga tu."

Nilimwona msichana mmoja akimtazama mwenzake. Mama mkubwa alikunja uso kidogo, kama mtu aliyesikia mlango unalia na hajui ni upi.

Kesho yake mama alisema anataka kupika wali kwa mkono wake, kwa ajili ya wasomaji waliokuwa wakija kumsomea bibi. Aliingia jikoni, akatafuta ukutani, akatafuta juu ya kabati.

"Kifumbu kiko wapi?" aliuliza.

Msichana aliyekuwa akimenya vitunguu, binti wa mama mkubwa, aliinua kichwa. "Kifumbu ndo nini, mama mdogo?"

"Cha kuchujia tui."

"Aaa. Tunachujia hili hapa." Alimpa chujio la plastiki la rangi ya kijani. "Na hatukuni siku hizi, tunasaga kwenye blenda."

Mama alilishika lile chujio akalitazama. Neno kifumbu alikuwa amekaa nalo Bariadi miaka yote, mahali ambapo hata nazi zenyewe huletwa na basi. Alikuwa nacho kifumbu, kimening'inia kwenye msumari jikoni kwetu, kimesukwa Pangani. Alilirudisha lile chujio kwa yule msichana, akasema pikeni tu, mimi nitatoa mchele.

Baadaye, mchana, alikuwa akirudisha sinia jikoni nami nikiwa nyuma yake na sahani. Ndani walikuwa wasichana watatu na kicheko. Binti wa mama mkubwa alikuwa amesimama katikati, ameibana sauti yake ikawa nzito, anasema: "Mimi nakulaga, naendaga, nalalaga, naamkaga, hata mama alikuwaga ananipigiaga." Wenzake walikuwa wameshika mbavu. Mtu yeyote nchi hii aliyewahi kutazama vichekesho anaijua sauti ile. Ndiyo sauti anayopewa Msukuma kila anapotakiwa mjinga wa kuchekwa.

Mama alisimama mlangoni. Nilitaka niseme kitu, nikaona bega lake linanizuia. Aliingia, akaweka sinia mezani taratibu, akawaambia, "Ahsanteni kwa kazi," akatoka.

Wasichana hawakuwa na ubaya. Yule binti alilia, akamfuata uani, akapiga magoti. Mama akamshika kichwa akasema hakuna neno. Ila mama mkubwa alikuwa amesikia kelele akaja, na yeye ndiye aliyesema lililobaki.

"Lakini na wewe, mwenzangu," alimwambia mama. "Wewe ndiye uliyekuwa ukitusahihisha sote humu ndani, hata marehemu mama. Lugha yako umeiacha wapi?"

Mama alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Niliona kwamba hakuwa akikataa kujibu. Alikuwa akilitazama neno kwanza kabla ya kulitoa, na alipomaliza kulitazama wakati wa kujibu ulikuwa umepita.

Hakuzungumza tena kule Pangani. Ukimuuliza kitu alitikisa kichwa au aliitikia "Naam." Alipokea pole kwa kuweka mkono kifuani. Wageni walidhani ni majonzi ya mama yake, wakamsifu kwa subira. Nililala naye chumba kimoja siku zote zile, na hata mimi hakuongea nami, isipokuwa kunitakia usiku mwema.

Basi lilisimama Singida ili tule. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la hoteli, chai mbele yetu, aliponiuliza: "Nasema vile?"

"Vipi, mama?"

"Usinitanie. Vile alivyosema yule mtoto."

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia si kwa sauti ile, lakini maneno ni hayo.

"Tangu lini?"

"Sijui ilianza lini. Niliporudi kutoka chuoni ulikuwa unasema hivyo."

Alihesabu kimya, nadhani, madarasa mangapi yalipita hapo katikati. "Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia kama nilivyokuwa nakuambia wewe," alisema. Chai yake aliiacha pale.

Nyumbani alianza kujisafisha. Sina neno jingine. Alisema polepole, kila kitenzi kimepigwa pasi, kama msomaji wa taarifa ya habari. Aliposahau, alirudi nyuma akaianza sentensi upya. Mazungumzo ya kawaida yalikuwa kazi kwake, hivyo akaongea kidogo. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne na Kiswahili chake alikitoa kwenye televisheni ya Dar es Salaam, aliniuliza kwa nini bibi anaongea kama yuko mkutanoni.

Jirani alikuja siku ile ile tuliyofika, kutoa pole. "Mwadila, mwalimu," alisalimia, kwa salamu ya Kisukuma ya jioni, akaketi. "Pole sana. Mama alikuwaga anakupenda."

"Ahsante," mama alisema. "Marehemu alikuwa akinipenda kwa dhati. Nimefarijika kwa ujio wako."

Jirani alimtazama. Nadhani hakuelewa 'ujio', au alielewa lakini hakuelewa limefuata nini jikoni kwetu. Alikaa kidogo, akaaga. Kesho yake alikuja, na kesho kutwa, na kila mara mama alimkaribisha kwa maneno yale ya ofisini. Kisha akawa haji. Nilimwona akipita barabara ya mbele kwenda dukani, mzunguko mrefu, badala ya kukatiza uani kwetu kama alivyofanya maisha yote. Mama naye alimwona, kutoka dirishani.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, jirani ametoka misa ya kwanza, mama aliponiita nimbebee sahani ya vitumbua. Tulipita mlango wa nyuma kwenda kwake. Tulimkuta anapepeta mahindi. Hakusimama.

"Mwangaluka," mama alisema, salamu ya Kisukuma ya asubuhi.

"Mwangaluka." Akaendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini. "Mwalimu, nimekukosea nini? Uliendaga kuzika, ukarudi unaongea na mimi kama mkuu wa wilaya. Kama ni huko kwenu wamekuambia usikae na Wasukuma, niambie tu."

Mama aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akamweleza. Alieleza yote, la chujio na la jikoni na la dada yake, na alipofika pale msichana alipobana sauti alishindwa, nikamalizia mimi. Nilidhani jirani atakasirika, maana aliyechekwa kule hasa alikuwa yeye. Hakukasirika.

"Mimi nililetwa hapa kuolewa, kutoka upande wa Shinyanga," alisema. "Kisukuma chetu na cha hapa havifanani. Nilikuwa nikisema neno, wifi zangu wanaanguka chini kwa kucheka. Kwao neno lile lilikuwa aibu. Nikanyamaza. Mume wangu akadhani ameoa bubu." Hakucheka alipolisema hilo. "Nikazaa. Mtoto akawa hasemi. Mama mkwe akaniambia, mtoto atasemaje na wewe husemi? Basi nikaanza kusema. Walichekaga, wakachoka."

"Na Kisukuma cha kwenu?" mama aliuliza.

"Nikienda kwetu wananiambia nasema kama watu wa Bariadi." Alichukua kitumbua. "Sasa mwalimu, mimi Kiswahili nimekitoa kwako. Sijasoma kwingine. Wewe ukikibadilisha, mimi nitaongea na nani?"

Mama aliuvuta ule ungo, akaanza kuchambua mawe kwenye mahindi, na baada ya muda jirani akaanza kumwambia nani alikuwa misani na nani hakuwepo. Niliwaacha pale.

Sitasema mama alipona siku ile. Aliendelea kujikamata, hasa mbele ya watu. Lakini jirani alirudi kupita uani, na jikoni nilisikia tena ile lugha yao, kwanza kwa kusitasita.

Msimu wa kuchuma pamba uliofuata nilikuwa zamu ya mchana walipomleta jirani hospitalini. Alikuwa shambani tangu alfajiri, akalalamika kifua, akaketi chini kwenye mstari wa pamba, na mwanawe mdogo akatafuta gari. Nilimpokea mimi mlangoni. Tulifanya tunayofanya. Daktari alipoacha, niliona vipande vya pamba bado vimenasa kwenye sketi yake, nikavitoa kimoja kimoja kabla ya kumfunika. Kisha nikaomba ruhusa nikaenda kumwambia mama mwenyewe, asije akaambiwa na mtu wa barabarani. Alikuwa ameketi jikoni. Aliponiona nimerudi mapema na sare ya kazi, akasema, "Nani?"

Mazishi yalifanyika nyumbani kwake, kama ilivyo kawaida ya watu wa huku, kaburi likichimbwa kando ya la mumewe. Padri alikuja, mwenyekiti wa mtaa alikuja, watu wakajaa mpaka kwenye uwanja wetu. Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, alisoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa umeandikwa vizuri, wenye 'mchango mkubwa katika ustawi wa jamii' na 'mwanamke shupavu mwenye maono'. Wazee wa kike waliokaa mbele waliusikiliza kwa heshima, mikono mapajani. Hakuna aliyeitikia, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuitikia.

Baadaye mwenyekiti akamwita mwalimu mstaafu atoe neno kwa niaba ya majirani. Mama alikuwa ameambiwa tangu jana, na asubuhi nilimsikia chumbani akijaribu. Alisimama, akapanga mtandio wake, akaanza kama alivyojiandaa: "Ndugu wafiwa, viongozi wa dini na serikali, mabibi na mabwana. Tumekusanyika hapa kumsindikiza mpendwa wetu..." Akafika hapo. Jeneza lilikuwa mbele yake, si mbali. Alinyamaza, na ulikuwa unyamavu ule ule niliouona Pangani, mdomo wazi kidogo na macho yakitazama neno. Nilisogea, nikidhani nitamtoa.

"Alikuwaga anaingia mlango wa nyuma," mama alisema.

"Eee," mwanamke mmoja mzee aliitikia.

"Habishi hodi. Unamkutaga tu ameshafika, amekaa. Mume wangu alipokufa nilikuwa sijui hata kuwasha moto wa mabua. Akaniwashia. Hakusema kitu, hatukuwa na lugha. Tukaanza kutafuta maneno. Yeye analeta lake, mimi naleta langu." Alisimama kidogo. "Mimi nimefundisha watoto wenu Kiswahili. Wapo hapa, ni wazee sasa. Walichokuwaga wanakosea niliwafutia. Yeye sikumfutia. Alinifundishaga mimi, na sikujua kama nafundishwa. Leo nimeamka, nikaweka chai ya watu wawili."

Wanawake walikuwa wanalia sasa, wale wazee wa mbele wakiitikia kila sentensi kwa Kisukuma, na mama akawaitikia nao kwa kile alichonacho. Mwisho akasema, "Wabeja, mayu," yaani ahsante mama, hayo tu, kwa yule aliyekuwa ndani ya jeneza. Akarudi kuketi.

Baada ya maziko yule mwana wa Dar es Salaam alikuja kumshika mkono. "Tangu nimefika sikuwa nimemsikia mama," alimwambia. "Nimemsikia uliposema wewe."

Walipoondoka watu mama aliniuliza, "Nimesemaje?"

"Vizuri, mama."

"Sikuuliza kama vizuri."

"Umesema mlivyokuwa mnasema," nilimjibu. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu.

Mama hajawa mtu mwingine. Jioni hukaa na binti yangu wakipitia kazi za shule, na kalamu yake ni nyekundu bado. Juzi alifuta 'ga' kwenye daftari, nikamsikia mtoto akilalamika: "Bibi, mbona wewe mwenyewe unasemaga?" Mama akamwambia, "Mimi nimestaafu. Wewe una mtihani." Na anapoelezwa na mtoto maneno ya vijana wa sasa, ambayo mimi mwenyewe siyaelewi, huyasikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema hayatafika mbali. Husema hivyo, kisha siku mbili baadaye namsikia analijaribu moja.

Mwezi uliopita dada yake alipiga simu. Kule Pangani wanakarabati nyumba, wanataka kujua kama wamwachie chumba chake. Mama alikuwa ameiweka simu mezani sauti ya nje, anakunja nguo. Alisema, "Hapana, mpeni mtoto. Mimi siendagi tena mbali, magoti yameisha."

Mama mkubwa alicheka. Mama alimwacha acheke.

"Nataka nikuambie mapema," aliendelea, "ili siku ikifika msije mkabishana na huyu mwanangu hapa. Nitazikwa huku. Kando ya mume wangu pana nafasi."

Kutoka upande wa pili nilisikia redio ya mtu, na jogoo. "Huko kwa nani, mwenzangu?" mama mkubwa aliuliza, na sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Mama amelala hapa. Baba amelala hapa."

"Kwa hawa ninaokaaga nao," mama alisema.

Dada yake akasema, "Haya. Inshallah," na baada ya hapo wakaongea habari za fundi na bati, na za bei ya mbao, mpaka salio la mama mkubwa likaisha katikati ya neno. Mama aliitazama simu kuona kama itaita tena. Haikuita. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kuvuma kutoka upande wa Maswa, akanyanyuka kwa kushika meza, akatoka kuanua nguo zilizobaki kwenye kamba.